Duara Asilolifundisha

Alipoingia darasani, mazungumzo yalikatika ghafla. Wanafunzi wa timu ya hisabati walikaa wima, wapole kupita kiasi, na ubao ulikuwa umefutwa hadi unang'aa. Mwalimu aliutazama ubao ule. Katika chumba hiki kosa halikufutwa kamwe. Lilipigwa mstari, likaachwa lionekane. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe. Nani kafuta, na kafuta nini?

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona kimya? Kuna msiba?"

"Tunakusubiri wewe tu," alijibu kiranja wa timu, msichana mrefu, macho yake yakiwa dirishani.

Shule nzima ilimwita mwalimu huyu Thibitisha, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Jibu lisilo na hoja hakulipokea, hata liwe sahihi. Jumamosi zake zote aliwapa watoto hawa, bila hata asante ya ofisi. Na leo, kabla ya kengele ya mwisho, mkuu wa shule alitaka kujua kama timu inakwenda kwenye mashindano au haiendi.

Jana angejibu bila kufikiri. Leo alikuwa na karatasi zao za mazoezi mkobani, na wote, bila kubakiza mtu, swali la pembetatu wamelitatua kwa kuchora duara. Duara lisilokuwamo kwenye swali. Duara ambalo yeye hakulifundisha! Jiometri ndiko alikochechemea. Alilijua hilo, ingawa angekufa kabla ya kulikiri. Basi hawa wamelitoa wapi? Wazo lililomjia lilikuwa moja tu, chungu kama shubiri: mtu kawapenyezea maswali ya mashindano pamoja na majibu yake.

"Nani kawapa?"

"Katupa nini, mwalimu?" aliuliza kijana mfupi waliyemwita Redio, maana hazimiki. Leo sauti yake ilikuwa chini.

"Duara."

Redio akamtazama kiranja. Kiranja akatazama viatu vyake.

"Mmeiba mtihani," mwalimu alisema. "Namwambia mkuu timu imevunjwa. Mimi sipeleki wezi."

Kiranja aliinua kichwa, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Thibitisha, mwalimu."

Hakuna aliyewahi kumrushia neno hilo.

"Haya!" Alichora ubaoni pembetatu aliyoitunga palepale, chaki ikivunjika mkononi. "Swali hili halijaandikwa kwenye karatasi yoyote. Litatue."

Kiranja alifunga kipande cha chaki kwenye uzi, akakandamiza ncha ya pili kwa kidole, akaanzia chini, akazungusha kuelekea kushoto, taratibu, mpaka duara likajifunga. Kisha akazieleza pembe moja baada ya nyingine, kila hoja ikikaa mahali pake.

Mwalimu hakuwa akisikiliza tena. Duara la kuanzia chini na kuzungukia kushoto alilijua. Mchoraji wake alitumia mkono wa kushoto, alifundisha uchoraji wa ramani za nyumba katika chuo cha ufundi, na asubuhi ile walikunywa chai pamoja.

"Mke wangu," alisema.

"Mama alitukataza tusiseme!" Redio alifyatuka. "Tukitoka hapa tunakwenda chuoni kwake. Ndiyo maana tulifuta ubao, tulikuwa tunajikumbusha. Jiometri yako, mwalimu, samahani sana, ni giza totoro."

"Wewe, funga bakuli lako!" kiranja alimkemea.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Si ulisema siku tukimpata anayejua zaidi yako utaondoka?" alisema kiranja. "Na wewe ukisema umesema. Maduara tungeyapata popote. Wewe tungekupata wapi?"

Mwalimu alichukua mkoba wake. Alitoka bila kuaga, wakabaki wanatazamana.

Mkuu wa shule, mama wa miwani mizito, alimpokea kwa jicho la shaka. "Mbona unahema? Timu inakwenda au haiendi?"

"Inakwenda."

"Wanaaminika?"

"Kuliko mimi."

Mkuu alichukua kalamu. "Mkufunzi nakuandika wewe, kama kawaida."

Kiburi kilimtaka aitikie. Aliitazama kalamu ikigusa karatasi. Akaizuia kwa kidole.

"Andika wawili," alisema, akataja kwanza jina la mkewe, na hakuondoka mezani hapo mpaka alipoliona limeandikwa juu ya lake.