Mstari wa Mlango

Fundi alizima msumeno akampigia mumewe kelele: "Wewe mzee, ulichora umelala? Mstari wa mlango umepinda!"

Tangu waoane karakana yao ilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa na lake. Mume alichora gari la kuchezea kwenye karatasi, akaibandika juu ya ubao. Mke aliukata kwa msumeno wa mezani, ule wenye uzi wa chuma mwembamba kuliko njiti ya kiberiti: milango, madirisha, matundu ya grili. Kisha mume akapiga msasa na kuunganisha. Jina la Fundi lilikuwa la mke. Aliyejisahau akamwita hivyo mume, mume mwenyewe alimsahihisha.

Mume alikuja akijipangusa vumbi. Hakubisha, na hilo peke yake lilikuwa la ajabu, maana bwana huyu alibishana hata na saa ya ukutani. Alilaza rula ya chuma juu ya mstari.

"Umenyooka," alisema polepole. "Tazama."

Fundi aliinama. Mstari ulikuwa na kibonde katikati. Rula nayo ilikuwa na kibonde, palepale.

Alifumba jicho la kulia, rula ikanyooka. Akafumba la kushoto, ikapinda tena, na katikati pakawa na kiwingu kama doa la mafuta. Alilipangusa jicho kwa upindo wa nguo. Doa halikutoka.

Alikaa. Mikono yake haikujua kazi nyingine. Na hili ni jicho moja, je, la pili likifuata? Alijiona ameketi kizani, msumeno unanguruma mikononi mwa mtu mwingine, naye anasikia tu kwamba unakwenda upogo.

"Uchovu tu," alisema harakaharaka. "Niwashie, nimalizie mlango."

Mume hakuwasha. Aliinama chini ya meza yake ya msasa, akavuta boksi na kulimwaga. Ilikuwa milango, mingi, yote imeliwa tumboni, kila mmoja mahali palepale.

"Ni ya miezi miwili hii," alisema. "Mingine iliyokubali tupa niliinyoosha. Hii iliyokataa nilichora upya, nikakwambia mteja kaongeza gari."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza! Miezi miwili, mume wangu! Daktari si angeliona mapema?"

"Niliogopa, mama watoto. Nilidhani nikinyamaza litapita."

Mficha maradhi kilio humfichua, na huyu alikuwa ameficha maradhi yasiyo yake. Fundi aliwaka hasira. Alitaka amkazie macho mpaka mtu mzima yule aombe radhi mwenyewe. Lakini jicho la kulia lilikuwa halijamtoka akilini, akafumba la kushoto kwanza, ajue la kulia linamwonaje.

Masikio ya mumewe yalikuwepo, na nywele zake zenye vumbi la mbao. Pua na mdomo vilikuwa vimefutika.

Hasira yote ilimwishia, akabaki na woga mtupu. Bado amelifumba la kushoto, alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wa mumewe.

"Twende hospitali sasa hivi," alisema. "Nishike. Na njiani usithubutu kunyamaza."