Alipolazwa Zipora

Elieza Mazengo alikuwa na ulimi wa misiba. Alikuwa mzee wa kanisa pale Ihumwa, karani wa wizara kule Mtumba, na mtu asiyekosa neno kwenye kaburi la mtu. Akishaanza habari za parapanda, hata waliofuata wali walijikuta wanafuta machozi. Ila kaburi la mama yake mwenyewe, Zipora, hakuwahi kulikanyaga tangu wamzike.

Mdogo wake Gladness, aliyeolewa Kongwa, aliyakosa mazishi yale kwa sababu siku hiyo alikuwa hospitali, amejifungua kwa upasuaji. Kila akipiga simu aliuliza jambo moja: kaka, lini tutamjengea mama? Na Elieza alimjibu kama yuko madhabahuni. "Mama hayupo pale, Gladi. Msalaba ni saruji tu. Siku ya ufufuo atainuka hata bila alama."

Maneno mazuri, nani angeyapinga? Lakini saruji ya kaburi ilinunuliwa kweli, ikakaa stoo, ikaishia kwenye baraza la Elieza. Msalaba wa mti ukaliwa na mchwa. Imani yake haikuwa ya uongo, tuseme haki. Ila aliitumia kufunikia uvivu, kama mtu anayetandika kitambaa cheupe juu ya vyombo vichafu.

Kisha ikaja barabara. Ikatangazwa kwamba itapita makaburini, kila ukoo uje uonyeshe watu wake wahamishwe. Siku yenyewe kulikuwa na vijana wenye majembe, masanduku madogo, sanda, na bwana afya mwenye glavu. Mchungaji aliomba, halafu watu wakaenda kusimama kila mmoja kwa mtu wake. Hapa baba. Hapa bibi. Gladness alikuwa amefika na gari la asubuhi, amebeba kanga mpya ya kumfunikia mama.

"Kaka, ni wapi?"

Elieza aliangaza macho. Vilima vya udongo, mawe, minyaa iliyokauka, vyote vilifanana. Mzee Zablon aliyelichimba kaburi lile alifariki mwaka jana, na alipokuwa hai walikutana kila Jumapili, wala hakumuuliza. Sasa lilibaki neno moja tu, "sijui". Lakini usharika mzima ulikuwa unamtazama, watu aliowazikia wazazi wao.

Akanyoosha kidole. "Pale."

Vijana wakachimba. Gladness alipiga magoti ukingoni, kanga mikononi. Bwana afya akainama shimoni, kisha akainua kifuvu kilichoenea kiganjani mwake na kikombe cha bati kilichoota kutu.

"Mzee," alisema taratibu, "huyu ni mtoto."

Ajuza mmoja alijipenyeza katikati ya watu akiburuta fimbo. Alikuwa Anyesi, mjane wa kule bondeni.

"Kikombe changu hicho, nilimzika nacho," alisema. "Huyo ni Obedi wangu. Nimezunguka tangu asubuhi, macho hayanisaidii tena." Akamshika Elieza mikono yote miwili. "Mungu akubariki, mwanangu. Umenitafutia mtoto wangu."

Watu wakashusha pumzi. Mchungaji akatikisa kichwa kwa furaha. Na Elieza, aibu iliyoje, akasema, "Amina, mama."

Gladness akainuka. Alikuwa na udongo magotini. "Kaka, wewe ulijua kuwa ni Obedi?"

Angeweza kudanganya mara ya pili, na wote wangemwamini isipokuwa mmoja. Alimtazama huyo mmoja, akashindwa.

"Sikujua," alisema. "Sijui mama yuko wapi, Gladi. Sijawahi kurudi hapa. Nilionyesha tu, kwa sababu niliona haya."

Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. Anyesi naye alisikia, akamwachia mikono polepole, akamgeukia mtoto wake. Gladness aliikunja kanga vizuri, akaenda kukaa kwenye jiwe mbali naye.

Jioni, mifupa iliyokosa mwenyewe ilikusanywa, ikazikwa pamoja katika kaburi moja kubwa kwenye eneo jipya. Walikuwemo wanawake watu wazima, hakuna aliyeweza kusema nani ni nani. Gladness aliitandaza kanga juu ya masanduku, haikufika hata nusu.

Mchungaji, kwa mazoea, au labda kwa huruma, akasema, "Mzee Elieza, tupe neno la tumaini."

Elieza akavua kofia. Yale maneno yote aliyoyajua yalikuwepo, yamejipanga tayari, na aliona haya kuyagusa.

"Bwana," alisema, "mama yangu yumo humu, na mimi mwanawe simjui. Tafadhali, wewe usimpoteze."

Watu wakangoja aendelee. Hakuendelea. Gladness peke yake alisema amina, bila kumtazama.