Siku Dada Alipovuka Bwawa

Walimwita Kambare tangu utotoni, kwa sababu akishaingia majini, kumtoa ilikuwa kazi. Alipokua akawa mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa la manispaa, na mtindo alioupenda kuliko yote ulikuwa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja huku miguu imeshikana. Kisha gari likamgonga akivuka barabara. Mgongo ukaumia, miguu ikakataa kazi. Tangu hapo aliishi kwa dada yake, chumba cha nyuma, uso ukutani.

Dada alikuwa mwoka mikate. Alitoka alfajiri, akarudi mchana na unga kwenye nyusi, akamkuta mdogo wake vile vile alivyomwacha, chakula hakijaguswa. Alijaribu redio, akajaribu kuwaita majirani waje kupiga soga, akajaribu hata kugomba. Wapi! Siku moja, akimbadilishia shuka, maneno yakamtoka tu:

"Nifundishe kipepeo."

Kambare akageuza kichwa. "Nani? Wewe?"

"Mimi."

"Dada, wewe hata ukinawa uso unahema kama unakabwa." Akacheka. Kicheko kikavu, cha kukwama kooni, lakini kilikuwa cha kwanza tangu atoke hospitali.

Basi wakaanza kwenda bwawani mchana, dada akitoka kazini. Mlinzi, aliyemfahamu Kambare tangu enzi zake, aliwafungulia lango la pembeni lisilo na ngazi. Kiti cha magurudumu kilisimamishwa ukingoni, breki zikafungwa. Dada akashuka majini akilivuta vazi la kuogelea lisimpande, tumbo limetangulia. Alichojua ni kujikokota bila kuzama, basi.

"Kifua!" Kambare alipiga kelele. "Sukuma kifua chini, kiuno kitafuata chenyewe! Mbona unapiga maji kama unafukuza kuku?"

"Nimekunywa nusu ya bwawa!"

"Bado nusu. Rudia."

Mabega yalimuuma dada hadi akiinua trei za mikate anauma meno. Wenzake kazini wakamtania, "Mama mzima, unatafuta medali au mchumba?" Akacheka nao. Aibu aliimeza, kwa sababu nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Kambare alikuwa anakula. Alimlaza dada kifudifudi kwenye benchi la jikoni, akamshika kiuno kumwonesha mwili unavyopinda, na kila alipokosea akampiga kibao cha mgongoni. Alirudi kuwa msumbufu yule yule wa zamani. Dada akashukuru kwa kila kibao.

Mvua zikaja zikapita. Dada akawa anarusha mikono mara mbili tatu, kisha miguu inazama na mdomo unajaa maji. Kambare ukingoni alikunja mabega pamoja naye, akavuta pumzi pamoja naye, hadi mlinzi akasema huyu mgonjwa siku moja ataruka na kiti chake.

Halafu ikatokea. Dada alisukuma ukuta kama kawaida, akategemea kuzama kama kawaida, lakini kiuno kikapanda, mikono ikatoka majini yote miwili, kidevu kikateleza juu ya maji, na hewa ikaingia. Akarudia. Akarudia tena. Hakufikiri chochote mpaka vidole vilipogusa ukuta wa pili.

Akaibuka, akapangusa macho, akageuka na mikono juu. "Umeniona? Kambare! Umeniona?"

Mlinzi alikuwa anapiga makofi peke yake. Kambare alikuwa ameangalia magoti yake.

"Nimeona," alisema. "Twende nyumbani."

Njiani Kambare aliendelea kuangalia magoti yake. Dada alisukuma kiti, nywele zikidondosha maji, furaha ikimpoa mwilini kidogo kidogo. Walipofika chumbani akashindwa kuvumilia.

"Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

"Hujanikosea." Kambare aliyashika magurudumu ya kiti chake. "Ulipokuwa unakosea, mimi ndiye niliyekuwa naogelea. Kila ulipozama, mwili wangu ulijua cha kufanya, nikausikia. Leo umeogelea wewe, dada. Mimi nilikuwa nimekaa."

Dada akainama, akamvua viatu.

Siku chache baadaye alimbembeleza hadi akakubali kurudi bwawani. Dada akasukuma ukuta, akaachia miguu izame, akameza maji makusudi, akaibuka akikohoa. "Nimesahau kabisa," alisema. "Nielekeze tena."

"Usinifanye mtoto," Kambare alisema taratibu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza dada zaidi. Akamwita mlinzi amfungulie breki.

Hakurudi tena. Sahani zikaanza kubaki zimejaa.

Dada alikaa wiki kadhaa bila kugusa maji. Kisha mchana mmoja, ametoka kazini, miguu ikampeleka. Akavuka bwawa kwa kipepeo mara moja tu. Mwili haukusahau kitu. Ulikuwa utamu ambao hakuwa na wa kumwambia, na alipotoka majini alikaa ukingoni akalia, taulo mdomoni.

Alipoingia chumba cha nyuma, dawa ya bwawa ilikuwa bado inanuka kwenye ngozi yake. Kambare hakugeuka.

"Maji yalikuwa baridi?" aliuliza.

"Kidogo."

Kambare akavuta shuka hadi begani. Dada akaketi kando ya kitanda, akanyoosha mkono amguse mgongo, akausikia ukikakamaa chini ya shuka. Akaurudisha mkono mapajani, akabaki amekaa hapo.