Mila za Seremala

Seremala alikuwa bingwa wa kutetea utamaduni, hasa pale usipomgharimu kitu. Karakanani aliranda mbao huku akilaani vitu vya kigeni, ingawa makochi yake yote aliyaiga kwenye majarida ya ng'ambo, na bila majarida hayo wanawe wangelala njaa. Alilijua hilo, ila kama wengi wetu alilifunika, kama mtu afunikavyo mboga iliyoungua.

Binti yake alipoleta habari kwamba amepata mchumba, tena mgeni wa nchi nyingine, seremala aliapa posa hiyo haipiti. Lakini angeikataa kimila: wote wakae chini, mgeni aseme shida yake, kisha baba mwenye nyumba asimame atoe jibu. Neno la baba hutolewa kwa kusimama. Akiwa ameketi, hayo ni maongezi tu. Makochi yakatolewa nje. Mkeka ikabidi uazimwe kwa jirani, maana nyumba nzima haikuwa na hata mmoja. Mkewe aliuliza mila hizo zimeanza lini. Akaambiwa anyamaze.

Mgeni akaja, akavua viatu bila kuambiwa, akakunja miguu na kutulia kama aliyezaliwa palepale. Kumbe hata kwao ndivyo wanavyokaa. Akaeleza nia yake taratibu, kwa lugha ya kujifunza, yenye makosa tele, lakini hakuruka neno la adabu hata moja. Binti alimkodolea baba yake macho.

Seremala akakohoa, akajiandaa kusimama. Miguu ikagoma. Ganzi ilikuwa imempanda hadi kiunoni. Mwili uliolelewa na kochi haukuijua sakafu. Akajiinua kwa mkono mmoja, akajaribu kwa miwili, akaishia kupiga magoti mbele ya mposaji, utadhani yeye ndiye aliyekuja kuomba mke.

"Mzee," mkewe akasema, "mbona mila zako zinakushinda mwenyewe?"

Mgeni akainuka, akamnyooshea mikono. "Baba, nishike."

Seremala akamshika. Akavutwa juu, akasimama akiyumba, na sasa ikawa zamu ya neno. Wote wakamtazama. Lile alilolifanyia mazoezi tangu asubuhi lilikuwa la kukataa. Atamkataaje mtu ambaye akimwachia tu, yeye mwenyewe seremala anaanguka kifudifudi?

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "huyu mila anazijua kuliko mimi. Mchukue, kabla miguu haijanirudia nikaanza tena upuuzi wangu."