Kalinzi ya Nabintu

Hebu niambie, wewe umewahi kutolewa shambani kwako kwa barua ya kukushukuru? Nabintu alitolewa hivyo, mwezi wa pili mwaka 2007, amesimama jikoni kwake ughaibuni, mtaa wa Shard End, mkononi ameshika mwiko wenye ugali.

Barua ilikuja katika bahasha nyeupe yenye kidirisha. Mjukuu wake Mireille aliisoma huku mdomo umejaa mkate.

"Koko, kampuni yako imenunuliwa. Hisa zako wamechukua zote. Good money, Koko!"

Nabintu alifunika sufuria. Hakusikia uchungu. Hakusikia kitu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Hisa zenyewe zilikuwa arobaini tu. Kampuni ilikuwa ya Kanada, ina migodi ya nikeli kwao, na kule Kongo, kwao Nabintu, ina kibali cha kutafuta dhahabu kwenye mlima mmoja nyuma ya mji wa Walungu. Mlimani hapo, penye migomba, ndipo alipozikwa mumewe, Valère.

Kwa Washi, kabila lake Nabintu, mtu akitaka ardhi humpelekea chifu ng'ombe. Hiyo ndiyo kalinzi. Ukishaitoa, shamba ni lako, la wanao na la wafu wako, wala chifu hawezi kukurudishia ng'ombe akakufukuza. Baba yake Valère aliitoa zamani. Lakini watu wa mbali walipopewa kibali, Nabintu, wakati huo akisugua sakafu za karakana moja ya huko ughaibuni, mtaa wa Tyseley, aliwaza: kumbe chifu mpya yuko Kanada, basi na mimi nitampelekea ng'ombe wangu. Akanunua hisa. Sababu hakumwambia mtu.

Kesho yake alipanda basi hadi Sparkbrook, kwa Mselem, Mzanzibari muuza vitambaa wa Ladypool Road, aliyemsaidia kuzinunua. Mselem alivaa miwani, akasoma, akapiga makofi.

"Hongera, Bi Nabintu! Bei mara tatu! Wachina wanataka chuma kisichoota kutu, na hicho hutiwa nikeli, basi nikeli imekuwa lulu. Wageni wenye mtaji wameinunua kampuni nzima, na serikali ya Kanada imeridhia."

"Mimi sikuuza."

"Hukuuza, lakini wakishapata hisa tisa katika kila kumi, sheria inawapa na hiyo moja iliyobaki. Utake usitake."

"Basi uwarudishie pesa yao."

"Pesa haitakiwi? Nipe mimi niende Hija!"

Nabintu hakucheka. "Nilitoa kalinzi," alisema. "Ni ng'ombe. Kwetu harudishwi."

Mselem alivua miwani. Alimsogezea kiti, akammiminia kahawa kutoka chupa ya chai, akasukuma kando jora la kitambaa cha kijani ili kikombe kipate pa kukaa.

"Dada yangu, miaka minne nakusomea barua za watu hawa. Hata siku moja hujauliza faida. Ulitaka nini hasa?"

Nabintu alishika uzi uliochomoza pembeni ya jora, akauvuta polepole mpaka ukakatika.

"Kando ya Valère kuna nafasi," akasema. "Tuliiacha kusudi, upana wa migomba miwili. Nilitaka wasiichimbe. Nilitaka siku yangu ikifika, nilale pale."