Makalvati Yanayopungua Adhuhuri

Tangu asubuhi Shahinazi hakuwa amekaa kitako. Alizungukazunguka chumba cha kompyuta cha kiwanda cha makalvati, yale mabomba makubwa ya saruji ya kupitisha maji chini ya barabara, nje kidogo ya Suez, akafungua dirisha, upepo wa khamsini, ule wa joto la jangwani, ukamtupia vumbi usoni, akalifunga. Kamera alizozifunga yeye mwenyewe juu ya nguzo, zihesabu mali yote ya uwanjani kwa picha moja ya adhuhuri, zilikuwa zinamfanya baba yake mwizi.

Baba yake, Haji Metwali, ndiye mtunza bohari. Kila jioni yeye huhesabu makalvati kwa kidole, na hesabu hutimia. Kila adhuhuri kamera huhesabu midomo ya makalvati hayo hayo, na hesabu hupungua. Meneja, Ismat Bey, alishachagua wa kumwamini.

"Jana yalipungua tisa, leo sita," Shahinazi alimwambia. "Mwizi gani huyo anayerudisha matatu, Bey?"

"Mwizi mwoga," Ismat alijibu bila kuinua macho. "Alasiri baba yako anakabidhi funguo. Akibisha, naita polisi. Mashine yako haina mjomba wala shangazi. Si uliniambia mwenyewe?"

Alimwambia kweli, tena kwa mbwembwe, siku alipoomba kazi. Sasa maneno yale yalimchoma kuliko kiu ya saumu.

Akairudia picha, akaikuza. Mashine aliifundisha kitu kimoja tu: duara lenye giza katikati ni kalvati. Kwenye yale sita giza halikuwapo. Palikuwa na vitu vya rangi ya udongo, viwili viwili. Akakuza tena. Vilikuwa visigino.

Akatoka mbio juani. Uwanja ulikuwa kimya, winchi imesimama. Kwenye safu ya nyuma, ambako saruji hubaki baridi na upepo hupenya, wanaume waliofunga tangu alfajiri walikuwa wamejichomeka ndani ya makalvati wakikoroma, nyayo nje. Haji Metwali ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawalinda.

"Taratibu, binti. Utawaamsha."

"Baba, ulijua?"

"Tangu siku ya pili ya mfungo."

"Unaitwa mwizi, na unanyamaza."

"Ramadhani iliyopita yule bwana alifukuza wawili kwa kusinzia tu. Nikisema, hawa wanakwenda kwao Idi mikono mitupu. Mimi nikiitwa mwizi, wanaonijua watacheka, basi."

"Polisi hawatacheka."

Mzee alijipangusa jasho kwa kitambaa, macho yakimkimbilia mlango wa ofisi. Hapo Shahinazi akajua kwamba baba yake anaogopa sana, na kwamba hata hivyo hatasema.

Alasiri alimtangulia baba yake ofisini.

"Kosa ni la kamera, Bey. Programu niliiandika vibaya. Vumbi kidogo tu, inakuwa kipofu."

Ismat alimkazia macho. "Baba yako kakutuma?"

"Baba hajui kama niko hapa."

"Mwaka mzima umenichezea, na mpumbavu ni mimi niliyeajiri mtoto. Funguo zibaki kwa mzee. Wewe kesho ng'oa mitambo yako, na ukimaliza usirudi."

Kesho yake adhuhuri alipanda ngazi hadi juu ya nguzo, Haji Metwali akiishikilia chini. Skrubu zilikuwa za moto. Kutoka pale juu aliziona nyayo zote, na machozi ya hasira yakamtoka. Kamera haikukosea hata kalvati moja. Ilihesabu yaliyo wazi, kama alivyoifundisha, naye akaisingizia mbele ya mtu asiyestahili hata kuitazama.

"Nimesema uongo na saumu yangu, Baba."

"Nitakufungia siku moja ya ziada."

"Saumu haiazimwi."

"Basi mimi nitafunga, wewe lia huko juu. Lakini shika ngazi vizuri."

Skrubu ya mwisho ikamponyoka, ikagonga saruji. Ndani ya kalvati lililo karibu, vidole vya miguu vilikunjana, kisha ikatoka sauti nzito ya Abdelsattar, dereva wa winchi.

"Haji, mwambie huyo binti yako apunguze fujo. Watu tumelala."