Jani Kwenye Njia ya Bondeni

Halmashauri ya mji ilipomtuma Vagi kupima njia ya miguu kutoka mtaa wetu wa mlimani hadi katikati ya Port Moresby, sikuamini hata neno moja. Tangu lini wakubwa wakaionea huruma miguu yetu? Wao hata dukani huenda kwa gari.

Vagi alipigilia vigingi bondeni, kandokando ya kijia ambacho mama yangu alikipita kila asubuhi akienda kuuza samaki mjini.

"Njia ya miguu, upana wote huu?" nikamuuliza. "Au mnapitisha nguruwe watano kwa safu?"

"Ni ya watu kupishana, kaka Igo. Akina mama na mizigo yao."

"Akina mama unawajua wewe? Leo njia, kesho hoteli, keshokutwa tunaambiwa tuhame."

Akacheka. Kicheko chake kikanizidishia shaka.

Alipoondoka nikakata jani refu la tangawizi-mwitu, nikalipiga fundo, nikalisimamisha katikati ya vigingi. Kwetu hakuna avukaye jani hilo mpaka aliyeliweka alitoe mwenyewe, mbele ya watu. Sikumwambia mtu.

Kesho yake Vagi akaliona, akakunja kamba zake.

"Nani kaweka hili?"

Majirani wakatazamana, nami nikawatazama wao. Nilifurahi, sifichi.

Furaha yenyewe ilidumu siku moja. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni nanywa chai nilipomwona mama kule chini, kwenye barabara kuu ya malori, mfuko wa samaki ukining'inia mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Barabara ile haina pa kuweka mguu pembeni. Lori likapita likipiga honi, mama akajibana kwenye mtaro. Jani langu lilikuwa limemfungia njia na yeye.

Vagi bado nilimshuku, lakini niliteremka mbio, nikaling'oa lile jani mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji.

"Ni mimi niliyeliweka! Nisemeni mnavyotaka!"

Nikamfikia mama nikihema.

"Mama, rudi upite bondeni. Lile jani lilikuwa langu."

"Najua. Nilikuona ukilikata."

"Sasa mbona hukupita tu?"

Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mwanangu aweke katazo, halafu mimi mama yake ndiye niwe wa kwanza kulivuka?"